Mwali Ana Somo Wake, Fundi Je?



Katika visiwa vyetu, binti akikaribia kuolewa hatumwachi ajifunze ndoa kwa kubahatisha. Tunamtafutia somo. Anawekwa ndani, anasingwa, anapumzishwa na kazi za kutumwa. Hachoti maji, haendi dukani, na hakuna anayemuuliza leo ameingiza shilingi ngapi. Nyumba nzima inajua kwamba hizi ni siku za kupokea, siku za kutoa zinakuja. Lakini binti huyo huyo akitaka kuwa fundi wa kushona, msukaji wa ukili au mchoraji wa piko, anapewa pasi na ufagio, anaambiwa, "Kaa hapo uangalie, utajua tu." Hoja yetu leo ni hii: kazi ya mikono nayo ina uali wake. Anayeingia bila ya somo, na bila ya siku za kupokea, yuko hatarini kubaki msaidizi wa kazi ya mwenzake maisha yake yote.

Watu wa sanaa wana utaratibu wao wa jambo hili. Msanii anayeanza hupewa chumba cha kazi, vifaa na mara nyingi mahala pa kulala, kwa wiki au miezi, akakaa karibu na mafundi waliomtangulia, na hadaiwi oda. Kwa jirani zetu Dar es Salaam, Nafasi Art Space wanawapa wasanii vyumba vya kazi tangu mwaka 2008. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni anasa ya watu waliokosa la kufanya. Basi tumtazame mwanamke mmoja wa Afrika Mashariki aliyepitia siku kama hizo akiwa kijana. Leo amevuka miaka sabini, na akisimulia mikono yake imetoka wapi, bado anarudi kwenye siku zile.

Binti wa Nairobi kwa wafinyanzi wa Nigeria

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Utoto wake ulikuwa wa Kenya na India, na usichana wake aliutumia kusomea michoro ya matangazo. Mwaka 1971 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuendelea na njia hiyo hiyo. Huko akakutana na udongo, na udongo ukamshika. Tunaoshona tunalijua jambo hili. Mkono unagusa kitu, na moyo unajua umefika kwao.

Alikutana pia na Michael Cardew, mfinyanzi wa Kiingereza ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, alianzisha kituo cha kufundisha ufinyanzi Abuja, Nigeria. Abuja hiyo si mji mkuu wa leo, ni mji ambao sasa unaitwa Suleja. Cardew akamhimiza aende akaone. Mwaka 1974, akiwa bado mwanafunzi wa chuo, Odundo akafunga safari.

Kituo kile kilikuwa na gurudumu la kuzungushia udongo, tanuri la moto mkali, na ujuzi wa kukipa chombo mng'aro kama wa sahani ya dukani. Ndiyo mambo yaliyoletwa kutoka Ulaya. Lakini walikuwapo pia wanawake wa Kigwari, wafinyanzi wa asili wa sehemu ile, wanaofinyanga kwa mikono mitupu. Mkubwa wao kwa sifa alikuwa Ladi Kwali. Yeye alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake tangu utotoni, kijijini Kwali. Mitungi yake mikubwa, yenye michoro ya mijusi, nyoka na mamba, ilikuwa ikipambwa kwenye kasri la mtawala wa Abuja, na Cardew aliiona huko kabla ya kumjua mwenyewe. Mwaka 1954 Ladi Kwali aliingia kituoni, mwanamke wa kwanza kuingia.

Odundo akakaa kwa wanawake hawa akajifunza. Tazama namna mfinyanzi wa Kigwari anavyofanya kazi. Mwenye gurudumu hukaa kitako chungu kikazunguka. Kwa Wagwari chungu ndicho kinachotulia, mama ndiye anayekizunguka. Ameinama, hatua kwa hatua, mara nyingine kinyumenyume, mkono mmoja ndani ya chungu na mwengine nje, na udongo unapanda. Hakuna kitabu kinachoweza kumwambia mtu aegemee wapi na akaze wapi. Lazima umfuate mama huyo nyuma yake, umuige, uharibu, uanze tena.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wapatazame vizuri. Mwanafunzi alitoka chuoni Uingereza. Mwalimu alikuwa na elimu ya shangazi. Na aliyetoka Uingereza ndiye aliyeinama.

Alichokichukua na alichokiacha

Odundo hakurudi kutengeneza mitungi ya Kigwari. Angefanya hivyo angekuwa mwigaji hodari, na leo tusingemjua. Alichukua mkono, akaacha mtungi. Alifika pia kwa wanawake wafinyanzi wa Kenya, na huko New Mexico, Marekani, alikwenda kuona kazi ya Maria Martinez, mama wa Kihindi Mwekundu aliyesifika kwa vyungu vyeusi vinavyong'aa. Kila alipokwenda alikwenda kama mgeni mwenye adabu, anayetazama kabla ya kusema.

Kisha akajenga chake. Hata leo hatumii gurudumu. Anapandisha udongo kwa mkono, anaukwangua kwa kipande cha kibuyu, anausugua kwa jiwe mpaka ung'ae wenyewe, anaupaka udongo mwembamba kama uji, anausugua tena. Moto wa kwanza unakitoa chombo kikiwa chekundu cha machungwa. Akitaka cheusi, anakirudisha kwenye moto uliozibwa pumzi, moshi unakinywesha rangi. Ukikitazama unaona shingo ya mwanamke, nyonga, mgongo ulionyooka. Vyombo vyake kwa mwaka ni vichache, kwa sababu havikimbizwi.

Matunda yake yanajulikana. Alimaliza masomo ya juu katika Royal College of Art, London, mwaka 1982. Vyombo vyake viko British Museum na viko katika makumbusho ya sanaa ya Afrika huko Washington. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu cha sanaa nchini Uingereza, na mwaka 2020 akatunukiwa heshima ya Dame. Na Ladi Kwali, mwalimu wake? Nigeria ilimpa shahada ya heshima, kituo kile kikaja kuitwa kwa jina lake, na sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Mwanamke aliyefundishwa kazi na shangazi yake anashikwa mkononi kila siku na watu wanaonunua mkate.

Kwetu Paje mambo yakoje

Sasa turudi ufukweni kwetu. Ukitoka barabarani ukashuka kuelekea pwani, hesabu vibanda vya nguo. Gauni la kitenge la kufunga shingoni, suruali pana ya kiuno cha mpira, kimono cha khanga. Kibanda cha pili, hayo hayo. Cha tano, hayo hayo, na pengine kitambaa kimetoka jora moja. Mgeni anaanza kibanda cha kwanza anasikia bei, anafika cha mwisho ameshaishusha nusu. Tunagombania mteja kwa bei kwa sababu hatuna kingine cha kumgombania nacho.

Wengine husema sababu ni uvivu wa vijana, kwamba wanaiga picha za kwenye simu. Sisi hatukubaliani. Binti anaiga picha kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa siku moja ya kukaa na kitambaa bila ya kudaiwa kitu. Kozi ya kushona inampa msingi: kupima, kukata, kuunga bega, kutia zipu. Akitoka hapo anaingia dukani, na dukani kuna oda. Msimu wa wageni oda, Sikukuu oda, sare za skuli oda. Kitambaa akikikata vibaya anakilipa. Nani atathubutu kujaribu mkato mpya kwa kitambaa cha kulipa?

Alikuja kwetu binti mmoja aliyekuwa ameshona miaka minne katika duka moja la mjini. Pindo lake lilikuwa limenyooka kama uzi wa mwashi, vifungo vyake havitoki hata ukivivuta. Siku moja mteja alileta kanzu kuukuu ya bibi yake akataka gauni lenye roho ile ile, siyo nakala. Binti alikitandaza kitambaa mezani akakitazama muda mrefu, mkasi mkononi, na machozi yakamlenga. Akasema, "Dada, kukata sijawahi kuachiwa." Miaka minne. Angekuwa mwali asiyeambiwa neno, watu wangemlaumu somo wake. Kwa fundi, hakuna hata wa kumlaumu.

Na upande wa pili wako bibi zetu. Jambiani, Bwejuu, Makunduchi, na hapa hapa Paje, wapo wanawake wanaojua kuchambua ukindu, kuutia rangi, kusuka ukili wa mapambo usiorudiwa mara mbili. Wapo wanaojua kushona kofia za mkono, tundu kwa tundu, bila ya kuchora kwanza. Tunawaita wakati wa harusi watoe mkeka. Hatuwaiti kufundisha. Waswahili tumesema ujuzi hauzeeki, na ni kweli. Lakini mwenye ujuzi anazeeka, na siku akizikwa hatuwezi kumchimbua tukamuuliza rangi ile nyekundu aliipataje.

Mfano wa mwani tunao hapa hapa. Paje ilianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, na miaka mingi mama zetu waliuanika wakauza mkavu kwa kilo, bei akiipanga mnunuzi. Mambo yalianza kubadilika kwa baadhi yao walipopata mahala pa kukaa pamoja, wakafundishwa kutengeneza sabuni na mafuta, wakajaribu na kuharibu mpaka wakaweza. Bahari ni ile ile na mwani ni ule ule. Kilichoongezeka ni siku za kujifunza.

Watakaosema haiwezekani

Tunazijua sauti tatu, maana tumezisikia barazani.

Ya kwanza inasema: huyo Odundo alikuwa na bahati ya chuo cha Ulaya, sisi ni watu wa Form Four. Tunajibu, alichokifuata Nigeria hakikuwa cha Ulaya. Kilikuwa mikononi mwa wanawake wa kijijini. Sisi wanawake hao tunao mtaa wa pili, hatuhitaji hata nauli ya boti.

Ya pili inasema: mama wa binti anataka pesa jioni, siyo sanaa. Hii ni sauti ya haki na hatuidharau. Mzazi anayelala na deni la unga huwezi kumwambia asubiri. Lakini fundi anayejua kupinda pindo tu atalipwa pesa ya pindo mpaka uzeeni. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na sisi tunaongeza kwamba mfinyanzi asiyefundishwa hata gae hana.

Ya tatu inasema: ukimfundisha ataondoka, ataolewa Pemba au atafungua kibanda mbele ya chako. Ataondoka, ndiyo. Hata Odundo aliondoka Abuja. Ladi Kwali hakupungukiwa na kitu, na jina lake limetembea mbali zaidi kwa sababu ya waliopita mikononi mwake. Kibanda kitakachofunguliwa mbele yetu na binti mwenye mkono wake mwenyewe kitauza kisichouzwa na sisi. Cha kuogopa ni kile kinachouza gauni letu lile lile kwa elfu tano pungufu.

Na tukiwa watu wa dini, tukumbuke kwamba Nabii Daud, alayhi salaam, anatajwa katika Qur'ani kuwa alifundishwa na Mola wake kutengeneza mavazi ya vita, na akaamrishwa apime vizuri pete zake. Mtume aliyepewa ufalme alifundishwa kazi ya mikono, na akatakiwa aipime. Iweje sisi tuone kumfundisha binti kupima na kukata ni kupoteza wakati?

Mwezi mmoja wa masika

Hatuombi jengo wala mfadhili. Tunaomba mwezi mmoja, na mwezi huo tunao. Masika ikianza, Aprili na Mei, wageni wanapungua, hoteli nyingi zinafunga, na vyerehani vinafunikwa khanga vikisubiri jua. Ndio wakati wa kumweka mwali wa kazi ndani.

Utaratibu wetu ni huu. Binti mmoja, wiki 4, asubuhi 3 kila wiki. Apewe cherehani, mkasi wake, na mabaki ya vitambaa yaliyojaa magunia katika kila duka. Aitwe bibi mmoja mwenye mkono, wa ukili au wa kofia, akae naye. Asishone oda hata moja. Asitumwe. Akiharibu, aharibu, ndiyo kazi aliyokuja kuifanya. Mwisho wa mwezi waalikwe wanawake wa mtaa, kuwe na kahawa na kashata, binti aonyeshe alichokitoa na bibi aseme neno.

Hesabu tumeipiga. Bibi apewe elfu 10 kwa kila asubuhi, na apewe kwa heshima, siyo kama sadaka, maana ni ada ya mwalimu. Asubuhi 12 ni laki moja na elfu 20. Chakula cha binti elfu 3 kwa siku ni elfu 36. Uzi na sindano, elfu 20. Jumla ni laki moja na elfu 76, karibu sawa na magauni matano ya ufukweni kwa bei ya elfu 35. Maduka mawili yakishirikiana, kila duka linatoa magauni mawili na nusu. Kuna harusi za mtaani kwetu ambazo maua ya jukwaani yamepita hapo.

Masharti yetu ni mawili tu. La kwanza, bibi asilazimishwe kufundisha "cha kuuza kwa wageni." Afundishe anachokijua, kama anavyokijua. Odundo hakuwaambia wanawake wa Kigwari wamfanyie vyombo vya sebule za London. La pili, binti asiulizwe katika mwezi ule atauza nini. Swali hilo lina miezi kumi na moja yake.

Sisi tuko tayari kuanza masika ijayo, inshaAllah, kwa meza moja na cherehani kimoja. Wenye maduka wa Jambiani na Bwejuu, tujibuni kama mtaungana nasi. Wazazi, mkiwa na binti mwenye mkono mtulivu, msimkimbilize. Na nyinyi mabibi mnaosomewa haya na wajukuu zenu, msiseme "mimi sijui kitu, nasuka tu." Hicho mnachokiita kusuka tu, mtu alipanda ndege kwenda nchi ya mbali kukitafuta kwa wanawake kama nyinyi, na maisha yake yote yakabadilika.

Mungu awape afya wenye ujuzi, na awape subira wanaojifunza. Amin.